Pale Nilipokata Waya

Mama Eli tulimzika Jumatano ile, Poli, mlimani, kwenye migomba yake, pembeni ya mume wake aliyemtangulia karibu miaka thelathini. Manyunyu hayakuisha tangu asubuhi, udongo unang'ang'ania viatu, na mimi kwa umri huu na magoti haya nilikuwa naomba tu mchungaji afupishe. Alipomaliza, Mzee Sifaeli, mdogo wake marehemu Baba Eli, aliomba neno. Siku hizi anatembelea fimbo na sauti imekauka, lakini alisema akasikika. Alisema ukoo umekaa na kukubaliana kwamba mshili wao mpya atakuwa Eli. Kwa asiyejua, mshili kwa Wameru ndiye mkubwa wa ukoo. Ugomvi wa mipaka, wa ndoa, wa watoto, wote unaishia mikononi mwake. "Damu ya kaka yangu," akasema Mzee Sifaeli, "ndiyo itakayotuongoza." Watu wakaguna kwa kuridhika. Mimi nikaangalia viatu vyangu, kwa sababu katika umati ule nilikuwa mtu pekee aliyebaki hai anayejua kwamba Eli hana hata tone moja la damu hiyo.

Tulipokuwa tunakula, Eli mwenyewe akanijia na sahani yake ya ndizi ambayo hakuwa ameigusa. Ni mtu mzima sasa, kipara kimeanza, lakini bado ananiita dada. "Dada Ndeshi," akasema, "mama siku zake za mwisho aliniambia kuna maneno ya baba. Nikamuuliza maneno gani, akasema nikuulize wewe." Nikajifanya natafuta chumvi. Nikamwambia aje kwangu Lemara siku ya Jumamosi, tuongee vizuri, si hapa penye watu. Akakubali bila maswali, kama alivyozoea kukubali tangu mdogo. Siku mbili zile nilizojipa hazikunisaidia chochote. Nilizunguka nyumbani nikifuta meza iliyokwishafutwa, nikijibizana na marehemu: mama, kwa nini hukumwambia mwenyewe? Mnafanya mambo yenu, halafu mnakufa, mnaniachia mimi.

Mwaka aliofariki Baba Eli nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasoma ufundi wa redio na televisheni, msichana peke yangu darasani, na nilipanga chumba kwa Mama Eli, Kijenge, mjini. Nyumba yake ilikuwa na sebule na vyumba vyao upande wa barabara, na vyumba sita vya wapangaji vimezunguka ua wenye bomba moja la maji. Televisheni za wapangaji zilikuwa nne, lakini boksi la kebo lilikuwa moja tu, sebuleni kwa Mama Eli. Kutoka pale waya ulipita dirishani, ukafika kwenye kidude cha kugawia kilichopigiliwa misumari chini ya paa, na hapo ukatawanyika chumba kwa chumba, mmoja ukirudi sebuleni kwenye televisheni ya Mama Eli mwenyewe. Maana yake, alichotazama Mama Eli ndicho ulichotazama wewe. Ikifika saa ya mpira utasikia mtu anapaza sauti kutoka chumbani, "Mama Eli, tuhamishie!" na yeye anajibu dirishani bila haraka, "Kwaya ikiisha." Hapakuwa na ugomvi. Ukitaka chaneli yako, nunua boksi lako. Siku nyingine alikuwa anatuletea loshoro kwenye sufuria kubwa, mahindi na ndizi kwenye maziwa mgando, tunakula tumesimama mlangoni mwa Zuhura, fundi cherehani kutoka Kondoa ambaye chumba chake kilikuwa kinatazamana na changu, na sote tunaangalia kwaya ya Mama Eli kwa sababu hakuna kingine.

Baba Eli alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na mwaka ule ugonjwa ulimshika akawa anakaa sebuleni mchana kutwa amejifunga blanketi. Siku moja nikitoka chuoni aliniita. Mezani palikuwa na deki ya video, ile ya kuchezea mikanda, si mpya, kifuniko kimekwaruzwa, na waya zake zimefungwa kwa mpira. "Fundi," akaniambia, na nikiri kwamba nilifurahi, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniita hivyo, "nataka iunganishwe na hilo boksi na televisheni, na umfundishe mama kuiwasha. Fanya mapema." Nilidhani anataka kurekodi vipindi. Nikapiga magoti nyuma ya televisheni, na hapo ndipo nilipokosea. Waya wa boksi niliuingiza kwenye deki, vizuri. Waya wa kutoka kwenye deki ulitakiwa kwenda kwenye televisheni yao peke yake, lakini niliuchomeka kwenye ule waya wa dirishani uendao kwenye kidude cha kugawia, nikapita chumba kwa chumba nikitafuta chaneli, na picha ikaja safi kuliko zamani. Wapangaji wakanisifia. Nikavimba kichwa. Halikunijia kabisa wazo kwamba kuanzia siku ile kila mkanda utakaochezwa sebuleni utachezwa pia kwa Zuhura, kwa mwalimu wa chumba cha tatu na kwa vijana wa karakana waliopanga chumba cha mwisho. Wiki iliyofuata alikuja mpiga video wa harusi na kamera yake begani, akaisimika sebuleni, akatoka kukaa uani, na Baba Eli akajifungia nayo peke yake kama saa nzima. Mama Eli alikuwa sokoni Kwa Mrombo. Hakuna aliyeuliza kitu.

Baba Eli alifariki kabla ya mvua za vuli. Wiki mbili baada ya mazishi nilikuwa kwa Zuhura mchana, nimeshika pindo la sketi anipimie, televisheni inaonyesha matangazo tu. Mara picha ikarukaruka, ikatulia, na Baba Eli akawa anatutazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kile kile, na blanketi lake. Zuhura alikaa chini sakafuni na pini mdomoni. Kisha Baba Eli akaanza kuongea na mkewe, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, akasema ana mambo mawili, na la kwanza ni hili: nyumba ya Kijenge ni ya Mama Eli, ilijengwa kwa jasho lake mwenyewe la kuuza ndizi na kahawa, asiondolewe na mtu, na Eli akae na mama yake. Akanyamaza akanywa maji. Hapo akili ikanirudia. Mama wa watu yuko sebuleni peke yake na mumewe, na sisi sote tunawachungulia, na aliyewafungulia watu mlango ni mimi. Nilitoka mbio, nikapanda juu ya ndoo na kuuchomoa waya unaoingia kwenye kile kidude pale chini ya paa. Mwalimu alisimama mlangoni kwake, akaniangalia, akarudi ndani. Tangu saa ile, ukiacha Zuhura na mimi, hakuna mpangaji aliyeligusa jambo lile mbele ya mwenzake.

Jioni nilikwenda kwa Mama Eli na uongo wangu tayari: waya umechomoka, labda upepo. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso. "Urekebishe," akasema, "na hiyo deki uiweke ionekane humu tu." Nikaelewa kwamba amejua, maana nilipouchomoa ule waya picha ilimpotea na yeye pia. Nilitamani anipige makofi yaishe. Badala yake aliniambia nikae nile, akanipakulia, na nililazimisha kila kijiko kishuke.

Kisha Sifaeli akaanza kushuka mjini. Wakati ule alikuwa mtu wa nguvu, mrefu, sauti inatangulia kabla mwili haujafika getini. Alikuwa akija kila Jumapili baada ya ibada, anakunywa chai, anazunguka ua na kugonga kuta kwa vidole. Mimi chumba changu kilikuwa karibu na jiko la Mama Eli, na nilisikia yote. "Shemeji, kiwanja hiki kaka alikipata kwa fedha za shamba la baba yetu. Huwezi kukaa nacho peke yako." Na siku nyingine: "Mtoto wa kiume halelewi na wapangaji. Eli atakuja mlimani, akae na wenzake, ajue ukoo wake." Mama Eli alikuwa anajibu, "Ongeza chai, shemeji." Eli, ambaye hajafikisha miaka kumi na miwili, alikuwa anakaa kwenye kizingiti anasikia anagawanywa. Zuhura aliniambia, huku anakanyaga cherehani ili sauti isisikike, "Si atoe ule mkanda? Marehemu mwenyewe kasema. Anangoja nini huyu mama?" Na mimi nilijiuliza hivyo hivyo, na nikamkasirikia. Niliona kama anajitakia.

Kikao cha ukoo kikawekwa Jumamosi, saa nne asubuhi, sebuleni Kijenge. Walikuja wazee saba, na mshili wa wakati ule, mzee mfupi mwenye koti la kijivu na kofia aliyoishika magotini. Mimi na Zuhura tulisaidia chai na ndizi za nyama. Sifaeli alieleza ya kwake, kwa ufasaha, na wazee kadhaa walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Mshili akamgeukia Mama Eli: "Mama, marehemu aliacha neno lolote? La maandishi au la mdomo?" Mama Eli alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani. Akasema, "Hakuacha."

Leo nikimkumbuka msichana yule mwenye birika mkononi namwonea huruma, na pia natamani kumzaba kibao. Alijiona mwema. Alijiona anamwokoa mtu. Zuhura alinivuta kanga kwa nyuma, nikamtoka. "Samahani wazee wangu, shikamooni," nikasema, "neno liko. Liko kwenye mkanda. Tumeliona." Sijui niliitoa wapi hiyo sauti. Sifaeli aligeuka mwili mzima. Mshili akaniuliza mimi ni nani, nikasema mpangaji, fundi, niliyeunganisha deki. Akamtazama Mama Eli muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Basi uletwe, mama. Tumsikie mwenyewe." Nilipogeuka kumwangalia Mama Eli nikitegemea shukrani, niliona mtu aliyeishiwa damu usoni. Nilijua nimefanya kitu kibaya sana, ila sikujua ni kipi.

Alikwenda chumbani akakaa, mpaka mzee mmoja akakohoa. Aliporudi na mkanda hakumpa mshili, alinipa mimi, na katika kuinama akaniambia sikioni: "Usivuke pale ulipokata." Basi. Hakuna kingine. Sifaeli alikuwa ameshachukua rimoti ya deki mezani na kuishika mkononi, kwa hiyo hata ningezima kwa kitufe angeiwasha tena. Nikasema deki ni ya zamani, lazima nisafishe hedi kwanza, kile kichwa kinachosoma mkanda, la sivyo picha itakuwa na chenga. Niliishusha deki kwenye kigoda ubavuni mwa televisheni, nikafungua kifuniko cha juu, nikaomba pamba na spiriti. Nilisafisha kitu ambacho hakikuwa kichafu. Kisha nikaunganisha upya, waya mmoja baada ya mwingine, boksi, deki, televisheni, nikiwageuzia mgongo ili wasione vidole vyangu vinavyokosea matundu. Kifuniko sikukirudisha. Nikapiga magoti pale pale, nikasema, "Iko tayari, mzee."

Baba Eli akatokea, na wazee wawili wakavua kofia. Nilikuwa siangalii picha, nasikiliza tu, kidole kikiwa juu ya ule mkanda mweusi unaokimbia mbele ya roli, kigurudumu cha mpira kinachouvuta. Salamu zake kwa mkewe. Ugonjwa wake. Kisha nikakumbuka: atataja kwamba ana mambo mawili. Akayataja. Niliona goti la Sifaeli linasogea mbele. Nyumba ya Kijenge ni ya Mama Eli. Eli akae na mama yake. Mzee mmoja akasema taratibu, "Hapo amesema." Nikasikia glasi inagusa meza ndani ya televisheni, anakunywa maji, na hapo nikausukuma mkanda kwa kidole ukatoka njiani na kuingia kwenye roli. Sauti ikavutika, ikawa mlio. Picha ikajaa mistari. Deki ikasaga, ikasaga, ikajizima yenyewe.

"Rudisha," akasema Sifaeli, amesimama. Nikainua mkanda uliojikunja mikunjo mbele ya macho yao. "Imeula, baba. Ni kosa langu, sikuikaza vizuri." Alinitukana. Alisema ndiyo maana ufundi hawapewi wasichana, akasema mengine nisiyotaka kuyaandika, na mimi nilisimama pale nikiyapokea yote, uso unawaka. "Ana jambo la pili! Mmesikia wote! La pili ni lipi, shemeji?" Mshili akavaa kofia yake. "Sifaeli, kaa. La kwanza ndilo tulilokuja nalo hapa, na marehemu amelijibu kwa kinywa chake. La pili alikuwa anaongea na mke wake." Wazee wakanong'ona kwa Kimeru, sikuwaelewa, kisha wakaomba. Nyumba ikabaki, na Eli akabaki na mama yake. Mtaani habari ikaenea kwamba yule msichana wa Mama Eli anaharibu deki za watu, na nilimaliza chuo bila mtu wa Kijenge kuniletea hata pasi.

Jua lilikuwa halijazama Mama Eli aliponiita sebuleni na kufunga mlango kwa komeo. "Unaweza kuuponya?" Kwa wembe na selotepu nilikata ile sehemu iliyosagwa, nikaunga. Akaniambia niwashe, niende mbele. Nikamwambia, mama, hayo ni yako, mimi nitoke. "Umenivua nguo na umenivalisha," akasema. "Kaa." Tukakaa sakafuni wawili, sauti chini kabisa. Baba Eli akaweka glasi mezani akasema la pili. Nilitazama hadi mwisho. Mama Eli hakulia. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi kama mtu anayehakiki kwamba hakuna kilichopunguzwa. Ilipoisha aliniambia niutoe ule utepe wote, nikauvuta mikononi, mita na mita, tukauchoma kwenye jiko la mkaa, moshi mweusi unaotia kichefuchefu, mpaka Zuhura akaita kutoka uani kuuliza kama tunaungua. "Sasa tumebaki wawili," akasema Mama Eli. Baba Eli alikuwa ameagiza kijana aambiwe akishakuwa mtu mzima. Nilimwona Eli akipata kipaimara, akioa, akibatiza watoto, na kila mara nilimtafuta Mama Eli kwa macho, na kila mara aliangalia pembeni. Nilimlaumu. Lakini sikuwa mimi niliyekuwa na cha kupoteza.

Jumamosi, kama tulivyoagana pale msibani, Eli alikuja saa tano. Nilikuwa nimepika, hakula. Nilimwambia kwanza habari ya nyumba na kikao, akatabasamu, hiyo alikuwa anaijua kwa kiasi. Akasubiri. Nikamwambia, "Eli, ukishasikia, hakuna kurudisha. Wamekupa umshili juzi tu." Akasema, "Dada, nimeshazika wote wawili. Niambie." Nilifumba macho nikayasema kama Baba Eli alivyoyasema mkandani, bila kuongeza langu. Mama, nilikuoa Eli akiwa tumboni, na jina la mwenye mimba sikuuliza, na leo siulizi. Ukoo wanajua alizaliwa kabla ya siku zake. Waache na hivyo. Akiwa mtu mzima mwambie. Mwambie siku anazaliwa mimi ndiye niliyeteka maji ya kumwogesha. Na mwambie hilo la kutomzaa nilikuwa nimelisahau kabisa. Nimelikumbuka wiki hii tu, kwa sababu naumwa.

Nilipofumbua macho alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. Nikaanza kusema, maana siwezi kunyamaza, kwamba hakuna anayejua, kwamba mkanda tuliuchoma, kwamba la umshili aamue mwenyewe na mimi nitakufa nalo. Akatikisa kichwa kunizuia. Hakuuliza habari ya umshili, wala ya mwenye mimba.

"Amesemaje hapo mwisho?" akauliza. "Rudia."

Nikarudia. Akasema, "Tena, polepole, kuanzia kwenye maji." Nikarudia polepole, neno kwa neno, na mara ya tatu alikuwa anayatamka pamoja na mimi.